Weupe pembeni mwa kioo cha mbele hausafishiki

"Mnisafishie tu pembeni, mbona mnaniuzia kioo kingine?" Lalamiko hili haliishi hapa gereji Arusha, hasa masika. Jibu letu ni lile lile: futa nje, futa ndani; weupe ukibaki, uko katikati ya kioo.

Kioo cha mbele ni vioo viwili, kila kimoja takriban milimita 2, vimebana utando wa plastiki uitwao PVB wa milimita 0.76 hivi. Kiwandani huunganishwa kwa joto la nyuzi 140 hivi na mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana jiwe likikipiga kinapasuka bila kukumwagikia mapajani kama cha mlangoni.

PVB hunywa maji. Ukingo ukikaa na unyevu, utando hugeuka rangi ya maziwa, halafu huachia kioo. Land Cruiser zenye kioo cha kuvalishwa raba ndizo zinazoongoza: raba ikipasuka kwa jua na vumbi, maji hutuama chini, na weupe huanzia kona za chini.

Hapo ndipo mtu hununua silikoni ya masinki, ile inayonuka siki, akaishindilia kwenye raba. Mvujo unaweza kukoma kweli. Lakini asidi inayotoka silikoni ikikauka hula ukingo wa PVB, na weupe unazidi kupanda. Thina ya kusafishia raba nayo ni hivyo hivyo.

Gari lenye kioo cha gundi ndilo lenye kazi zaidi. Poliurethani, yaani gundi inayoshika kioo hicho, haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo tunakwangua silikoni yote, tunaondoa kutu, tunapaka praima (dawa ya kusaidia gundi ishike) na kuiacha ikauke kabla ya gundi. Muda huo unalipiwa, na hatuoni sababu ya kuuficha kwenye risiti.

Kitundu cha kokoto ni habari nyingine. Kikiwa kidogo, kwenye kioo cha nje tu na mbali na macho ya dereva, tunakijaza resini na kuikausha kwa taa. Kibandike selotepu safi siku hiyo hiyo, kisiingie vumbi. Ukishakitia supagluu, resini haina pa kupita.

Ukiletewa kioo cha bei ya chini, soma muhuri wa kona kabla ya kulipa: tafuta neno LAMINATED (vioo viwili vilivyobana utando) na alama 43R ya kiwango cha usalama wa vioo vya magari. Baada ya kufungiwa, acha dirisha moja wazi kidogo na usibamize milango. Hewa ya ndani husukuma kioo kabla gundi haijakaza.