Kabla hujaushika uratibu huo

Sinza, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Sisi hatujambo, ila moyo wangu haujatulia tangu mdogo wako aliponiponyokea kwamba umeombwa uratibu wa mafunzo kwa vitendo hapo chuoni unapofundisha, na umeshaitikia. Mimi ukanificha. Ulijua nitasema nini, nami nasema: makala yako ya utafiti iko wapi?

Miaka yote niliyokaa masijala, majalada ya wahadhiri ya kupandishwa vyeo yalipita mikononi mwangu. La mwanamume lilijaa machapisho. La mwanamke lilikuwa nene vilevile, lakini ukilifungua ni barua za uteuzi: kamati ya nidhamu, kamati ya sherehe, mlezi wa wanafunzi wa kike, mratibu wa hiki, katibu wa kile. Kikao kikikaa, barua hizo zinapitwa upesi, swali ni amechapisha mangapi, tena jarida gani. Kuna mama mmoja nilimpigia chapa barua ya kukataliwa, na baadhi ya waliomjadili aliwafundisha yeye.

Watakwambia sheria ni moja kwa wote. Muulize shangazi yako. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watu wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja, lakini wasichana ndio waliopungua, maana miaka ile ya kusubiri kwao ilikuwa ya kuolewa na kuzaa. Ikabidi 1976 waondolewe sharti hilo. Hesabu ya machapisho ni vivyo hivyo. Ulipojifungua ulipewa siku 84, baba Neema akapewa 3, na mwaka ule yeye alitoa makala mbili. Simsemi vibaya mkwe wangu, ni mtu mwema. Ila yeye sasa ni mhadhiri mwandamizi, na wewe uliyemtangulia kupata uzamivu bado ni mhadhiri.

Usinijibu kwamba wapo waliofika. Wapo. Mama Tibaijuka alifundisha uchumi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kwenda kuongoza UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Lakini hapo hapo Mlimani, kuanzia Msekwa mwaka 1970 hadi Anangisye aliyeingia 2017, kiti cha Makamu Mkuu wa Chuo kimekaliwa na wanaume watupu. Siku hizi kwenye viti hivyo wanaangaliwa maprofesa, na profesa anatoka kwa wahadhiri waandamizi. Hapo uliposimama ndipo nilipoona wanawake wengi wakibaki hadi kustaafu.

Tasnifu yako ipo juu ya kabati la sebuleni, kila mgeni lazima aishike. Sichoki kuionyesha. Lakini humo ndani mna makala tatu, wewe mwenyewe ulisema, na hujatoa hata moja. Makala iko wapi, Rehema?

Najua unaona vigumu kukataa. Humu ndani mgeni akibisha hodi aliyeitwa ni wewe, kaka yako aliachwa na daftari lake. Basi kama uratibu umeshaukubali, omba kwa maandishi wakupunguzie vipindi, na nakala ya barua ubaki nayo. Ya mdomo hayaingii kwenye jalada. Na ile kazi mnayoandika na profesa wako, data ulikusanya wewe vijijini, kwa hiyo jina lako litangulie. Usione haya kulisema hilo mapema, kabla haijapelekwa kwenye jarida.

Neema mlete huku. Shule ya awali ipo mtaa wa pili, na mimi asubuhi sina kazi. Usiniambie atakusumbua moyo. Mwenzio alipokuwa anaandika, mtoto alilala kwa nani? Baba Neema naye ajue kupika ugali, si mgeni hapo kwenu.

Maji hapa yanatoka kwa kubahatisha, nimenunua simtanki na fundi bado ananidai. Kaka yako amesema ataleta fedha mwisho wa mwezi, sijui mwezi gani. Kama una chochote tuma, kama huna usikope.

Kwenye mzigo kuna nazi, dagaa waliokaangwa na pilipili ya kusaga. Dagaa ndio wa kuanza kula. Ndoo si yangu, ni ya mama Asha, mrudishie huyo huyo kijana aliyekuletea. Na ukinipigia Jumapili, uniambie makala ya kwanza utaituma tarehe ngapi.

Mama yako