Kinga ya muhogo ilitoka kwenye kisamvu cha mpira

Ndugu Mhariri,

Kabla ya mvua kuanza niliwagawia majirani zangu hapa Chanika pingili za muhogo wa aina ya Kiroba, bure. Wawili wamezirudisha. Mmoja kasema muhogo unaohimili ugonjwa "umechezewa vinasaba", hataki wanawe waule. Naomba nafasi nimjibu, maana mwaka jana shamba langu la muhogo liliniliza.

Mihogo ilikuwa imesimama vizuri, majani ya chini tu yamepauka. Nikang'oa shina, nikamenya: ndani mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Shina la pili, la tatu, vilevile. Mama mmoja anayekaanga mihogo Gongo la Mboto, mteja wangu wa siku zote, alipasua sita, akakunja gunia lake tupu akaondoka. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Virusi vyake huenezwa na nzi weupe, na sisi wenyewe tunapoazimana pingili zenye ugonjwa.

Jirani yangu, uani kwako una mti wa mpira, unauchuma kisamvu kila wiki. Mti huo ni ndugu wa muhogo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936, huko Amani, Tanga, na watafiti wa pale waliitafuta kinga kwenye mpira huohuo. Waliuchavusha na muhogo, ua kwa ua, kisha uzao wake wakaurudisha kwa muhogo tena na tena, mpaka ukatia mizizi ya kulika huku kinga ya mpira ikibaki ndani. Muhogo wa aina ya Namikonga, unaohimili ugonjwa huu kama Kiroba, ni mjukuu wa kazi ile. Ilifanywa kwa mikono shambani, miaka mingi kabla mtu hajaweza kukigusa kinasaba maabara. Kama watoto wako wamekula kisamvu cha mpira, wamekwisha kula vinasaba hivyo.

Sisemi Kiroba hakiugui. Majani yake hupauka pia, ila mizizi huchelewa kuoza, nawe unawahi kuvuna. Kwa hiyo shina lenye dalili naling'oa, sichukui pingili kwake.

Bwana shamba wetu naye namwomba: akija mtaani aache makaratasi, aje na kisu, apasue muhogo mgonjwa na mzima mbele ya watu.

Pingili zilizorudishwa nimezilaza chini ya mwembe, nazimwagilia jioni. Zitangoja wiki moja hivi.

Mkulima wa muhogo,
Chanika, Dar es Salaam