Barua kwa Idrisa, kabla hajaenda Washington

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Insha yako nimeisoma yote, usiku, wazee ninaowatunza kazini wamelala na zamu imetulia. Umeandika vizuri mno. Nilimsomea mwenzangu Mkenya wa zamu, akasema huyu mtoto ipo siku ataitwa mheshimiwa, nikavimba kichwa. Lakini ule mwisho, pale unapotaka muswada wa 2012 wa Bunge la Marekani ufufuliwe na gemu za video zibandikwe onyo la serikali, umeninyima raha. Na sasa nasikia unataka kuubeba mpaka ofisini kwa huyo mbunge utakayemfanyia kazi kiangazi hiki. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu huniachi nimalize.

Baba, usiweke jina lako pale.

Muswada wenyewe nimeutafuta. Wabunge Joe Baca wa California na Frank Wolf wa Virginia, mmoja Demokrati na mwingine Ripablikani, walitaka kasha liandikwe onyo kwamba gemu za vurugu zimehusishwa na tabia ya ukali. Na onyo hilo likae kwenye karibu kila gemu, isipokuwa zile za watoto wadogo kabisa. Maana yake hata ile ya mpira mnayogombania na mdogo wako Salim nani achukue Liverpool. Insha yako hilo imeliruka. Hukuliona, au uliliona ukapita pembeni? Huko unakokwenda watakuuliza, na hawatakuuliza kwa upole kama mimi.

Halafu ushahidi. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2020, kilisema upo uhusiano mdogo kati ya gemu hizo na mambo kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi wa kuzitwika ukatili wa kweli hautoshi. Kufoka na kusukumana! Nyinyi wawili mmefokeana na kusukumana kwa ajili ya ukoko wa wali.

Unasema sigara hapa Marekani zina onyo tangu 1966, kwa nini gemu zisiwe nalo. Sawa, mapafu ya mvutaji daktari anayapasua anayaona. Tena babu yako lile la "uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako" alikuwa akilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha anawasha. Lakini onyo lile lilibaki kwenye paketi. Hakuna mama aliyemwona babu yako njiani akakumbatia mkoba wake. Hili lako halitabaki kwenye kasha, Idrisa. Litahama, na litakwenda kumkaa mdogo wako usoni.

Ana miaka 15, kamzidi baba yako urefu, na sauti imeshakuwa nzito. Lile la shuleni sirudii, unalijua. Nakukumbusha tu swali la kwanza la yule mshauri. Hakuuliza mtoto kala nini, wala kalala saa ngapi. Aliuliza, "Nyumbani anacheza gemu gani?" Siku hiyo hakuwa na maandishi yoyote ya serikali ya kuegemea. Wewe ndiye unayetaka kumpa? Lisemwalo lipo, ndivyo watu wanavyofikiri, na likisemwa na serikali ndiyo basi tena. Kuna utafiti wa 2019 wa Patrick Markey na wenzake: kwenye mauaji ya shuleni, muuaji akiwa Mzungu habari hutaja gemu mara 8 zaidi kuliko akiwa mweusi. Yaani mmoja hutafutiwa kilichomponza, na mwingine hakuna anayehangaika kutafuta. Sasa niambie, onyo lako litamsaidia nani kati ya hao wawili?

Mahakama nayo umeipa mistari miwili tu, wewe unayetaka sheria. California ilipitisha sheria yake 2005, kasha la gemu ya vurugu libandikwe namba 18 kubwa kwa mbele, na muuzaji akimuuzia mtoto atozwe hadi dola 1,000. Aliyetia saini ni Schwarzenegger, gavana wa wakati huo, mtu aliyetajirika kwa sinema za bunduki, sijui kalamu aliishikaje. Tarehe 27 Juni 2011 Mahakama ya Juu ikaitupa, majaji 7 kwa 2. Jaji Scalia, ambaye mengi yake mimi siyapendi, akakumbusha kwamba hata hadithi wanazosomewa watoto zimejaa damu, akawataja Hansel na Gretel wanaomwoka mchawi kwenye tanuri. Nikamkumbuka bibi yako Muheza na zimwi lake linalopasuliwa tumbo, kijiji kizima kitoke wazima na ng'ombe wao. Alitusimulia usiku taa ikiwa ndogo, na kesho yake hakuna aliyeshika panga. Na huyo mtunzi wa sheria ya California, Leland Yee, mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 5, na kwenye mashtaka yake ilikuwemo njama ya biashara ya silaha. Silaha zenye risasi, si za kwenye skrini.

Usije ukadhani nimekuwa mtetezi wa makampuni. Zile gemu za kupasua vichwa sizipendi, na moja nimeifungia kabatini kwenye vitenge vyangu. Lakini alama za umri kwenye makasha zipo. Maseneta waliwabana wenye gemu 1993, mwaka uliofuata wakaanzisha zao wenyewe, na M ni miaka 17 kwenda juu. Mwaka 2013 Tume ya Biashara iliwatuma watoto madukani kujaribu kununua za M, wakafanikiwa 13 tu kati ya kila 100. Basi ile ya Salim iliingiaje nyumbani? Haikupita dirishani. Muuzaji alimuuliza mtu mzima aliyesimama naye kama anajua ni ya umri gani, na mtu mzima alikuwa na haraka, gari linaunguruma nje, akaitikia "yes, yes" huku akitafuta kadi. Ungembandikia mtu huyo na onyo la serikali, angeitikia vilevile.

Siku hizi nakaa naye akicheza. Naona vumbi tu na watu wanakimbia. Pedi yake raba ameitafuna upande mmoja. Akiuawa anaanza tusi la Kiingereza, nikikohoa analimalizia kwa astaghfirullah. Na nani alimfundisha kucheza? Ni wewe, likizo nzima, mlango umefungwa. Leo usijifanye shekhe.

Kama unataka kuandika kitu cha maana, andika wazazi wasaidiwe kuweka nywila kwenye zile mashine. Mimi aliniwekea Salim mwenyewe, na nywila anaijua.

Narudia ingawa utachukia: kazi kafanye, mheshimu bosi wako, ila karatasi hiyo wasipewe ikiwa na jina letu. Ukishindwa kukataa, sema unahitaji muda zaidi wa kuisoma.

Kiyoyozi kimeanza tena kudondosha maji, na Houston ya Juni unaijua. Fundi anataka pesa kabla hajapanda dari, baba yako anasema atapanda mwenyewe, kwa goti lile. Za mabati ya bibi nimetuma, kwa hiyo mwezi huu usinitarajie. Giaboksi la gari lako usiliguse, liache pale uani. Suti ipeleke kwa dobi kabla ya Alhamisi, na suruali mwambie aishushe upindo, mwaka huu umerefuka tena. Ukifika piga baada ya saa kumi na moja jioni, kabla ya hapo simu iko kwenye kabati la kazini.

Mama yako