Kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Mombasa: msiwafukuze wazoaji vyuma, zimeni moto wa waya

Mheshimiwa Waziri,

Salamu za heshima. Januari 2022 serikali kuu ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu baada ya minara ya stima kuhujumiwa, na marufuku hiyo ikaondolewa miezi kadhaa baadaye. Mwizi wa nyaya alistahili pingu, sibishi. Lakini mwenye mkokoteni anayezoa makopo na mabati yenye kutu huko Kisauni alifungiwa mizani pamoja naye, na asichokizoa yeye hakizoi mtu mwingine.

Jaa la Kibarani lilipofungwa 2018, taka zetu hazikwisha, zilihamia Mwakirunge. Kila kilo inayofika kwenye mizani ya mnunuzi ni kilo ambayo lori la kaunti halitaibeba. Tena kuyeyusha alumini kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye mawe ya boksiti, na tani moja ya chuma chakavu ikigeuzwa nondo huokoa zaidi ya tani moja ya mawe ya madini ya chuma ambayo yangechimbwa.

Ila si kila urejelezaji ni safi, na Mombasa tunalijua hilo kuliko wengi. Kule Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwalisha watu sumu ya madini ya risasi kwa hewa, maji na udongo, hata mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Nacho kilikuwa kikirejeleza!

Siku hizi moshi unaonikera ni wa waya. Kijana akitaka shaba huuchoma, na ganda la plastiki likiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa udongoni miaka na miaka. Shaba yenyewe hutoka imeungua, mnunuzi akaishusha bei. Kuchuna kungemlipa zaidi. Anachokosa ni mashine na mahali.

Basi tengeni uwanja Changamwe na mwingine Kisauni, wenye paa, sakafu ya saruji, mashine za kuchuna waya, na ada ya leseni ambayo mwenye mkokoteni ataimudu. Betri zisipasuliwe humo wala mtaani: anayeuza mpya aipokee kuukuu. Na mafundi wanaosubu sufuria waonywe wasitie vipande vya betri katika alumini, maana risasi hiyo hufika mpaka kwenye wali.

Makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Tutayasoma tuone kama viwanja hivyo vimo.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Changamwe