Kabla ya kumlaza mtoto kwenye CT-Scan, mpimeni uzito

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu CT-Scan mpya ya hospitali ya mkoa (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi), ile yenye picha ya mtoto amelazwa kwenye mashine na viongozi wamesimama pembeni wakitabasamu, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu ametaja idadi ya watoto waliopigwa picha tangu mashine ifunguliwe na kuiita mafanikio. Hakuuliza watoto hao walikuwa wanaumwa nini, wala mashine iliwekwa kwa kiwango cha mionzi cha nani, cha mtoto au cha mtu mzima.

Mimi ni mstaafu wa idara ya mionzi. Nilianza enzi za filamu za kuosha kwenye chumba cha giza, nikastaafu picha zikisomwa kwenye kompyuta, kwa hiyo asije mtu akaniambia napinga maendeleo. Zamani mgonjwa alisafirishwa kutoka mkoani hadi Muhimbili kwa ajili ya picha ya kichwa tu, na wengine walifia njiani. Leo anapata majibu mjini kwake. Mtoto aliyegongwa na bodaboda akapoteza fahamu aingizwe kwenye CT-Scan upesi, na daktari atakayesitasita hapo anakosea. Hilo silibishii hata kidogo.

Ninalolilalamikia ni watoto ambao hawakuhitaji kuingia mle, na wale waliohitaji lakini wakapigwa kwa kiwango cha baba zao.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, mtoto wa miaka minne, aliteleza kwenye ngazi za barazani akajigonga paji la uso. Ngazi zenyewe ni mbili. Alilia papo hapo, hakuzimia, hakutapika, na alipobembelezwa akaomba juisi. Mama yake aliogopa, kama mzazi yeyote, akamkimbiza hospitali moja binafsi hapa mjini. Nilipofika nikakuta fomu ya CT-Scan imeshaandikwa, imeshalipiwa, na mtoto amechomwa dawa ya usingizi kwa sababu aligoma kutulia. Binti yangu anasema daktari hakumshika mtoto kichwa. Hakumbonyeza fuvu, hakummulika macho, hakuuliza ameanguka kutoka wapi. Aliandika tu. Nikaomba kuingia chumba cha mitambo, kijana aliyekuwa zamu akanifahamu akaniruhusu, na nilichokiona kwenye skrini kilinitoa jasho: mpangilio uliochaguliwa ni kichwa cha mtu mzima, nguvu ya mashine kilovolti 120, na eneo la kupigwa limevutwa kutoka utosini hadi mabegani. Mabegani, kwa mtoto aliyegonga paji la uso! Tezi ya shingo, ambayo kwa mtoto ni kiungo kinachodhurika upesi kwa mionzi, imewekwa katikati ya njia bila sababu. Na awamu ya kwanza ya picha ilikuwa imeshapita. Kijana alikuwa anajiandaa kumchoma dawa ya mshipani, ile ya kung'arisha picha, ili arudie awamu ya pili, kwa sababu fomu iliandikwa "bila dawa na kwa dawa". Kichwa kilichogongwa kinatafutwa damu na ufa wa mfupa, na vyote viwili vinaonekana bila dawa. Awamu ya pili ingemwongezea mtoto mionzi ileile kwa mara nyingine, na kumwongezea mzazi bili. Niliizuia. Nikamuuliza kijana mpangilio wa watoto uko wapi, akanionyesha. Upo ndani ya mashine, umekuja nayo kutoka kiwandani, na haujawahi kufunguliwa. Hata uzito wa mtoto, ambao husaidia kuchagua kiwango cha mionzi, hakuna aliyeuuliza.

Majibu yakaja: hakuna tatizo. Bila shaka hakuna tatizo, mtoto alikuwa anaomba juisi.

Nisieleweke kwamba natisha watu. CT-Scan moja ya kichwa iliyopigwa vizuri inampa mtu mionzi ya asili ya miezi kadhaa, ile tunayoipata sote kutoka ardhini na angani. Eksirei ya kifua ni ya siku chache tu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 170,000 waliopigwa CT-Scan wakiwa watoto na vijana. Watafiti walikadiria kuwa kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa kichwa, mmoja wa ziada atapata saratani ya damu na mmoja wa ziada uvimbe wa ubongo ndani ya miaka kumi. Mwaka 2023 ukaja utafiti wa nchi tisa za Ulaya, watu karibu 950,000, nao ukaonyesha kwamba mionzi ikizidi, saratani za damu nazo zinazidi. Hatari ni ndogo, na mzazi ambaye mtoto wake anahitaji kipimo asikikimbie. Lakini mtoto asiyehitaji hapati faida yoyote ya kuifidia hatari hiyo, hata iwe ndogo namna gani.

Na njia ya kumjua anayehitaji ipo, haina gharama. Mwaka 2009 Wamarekani walitoa kanuni waliyoipata kwa kufuatilia watoto 42,412 walioumia kichwa. Daktari anaangalia kama mtoto amechanganyikiwa, kama kuna dalili ya fuvu kuvunjika, kama alizimia, kama anatapika, kichwa kinamuuma kiasi gani, ameanguka kutoka juu kiasi gani. Kwa wa chini ya miaka miwili anaangalia pia uvimbe uko upande gani wa kichwa na kama mzazi anaona mtoto wake yuko kawaida. Asiye na hata dalili moja hapigwi picha. Wa katikati, mwenye dalili isiyo kali, anaweza kukaa na mama yake kwenye benchi kwa muda wa saa nne hadi sita akiangaliwa. Mjukuu wangu alihitaji benchi na juisi.

Tumbo ni hivyohivyo. Mtoto akishukiwa kidole tumbo au utumbo kujikunja, kwa kawaida inaanza altrasaundi, ambayo haina mionzi kabisa. Kichanga mwenye kichwa kikubwa, utosi wake ukiwa bado haujafunga, ubongo unaonekana kwa altrasaundi kupitia palepale utosini, mama akiwa amempakata. Mashine hizi tunazo hadi kwenye baadhi ya vituo vya afya. Hazipigiwi picha gazetini kwa sababu ni ndogo.

Mambo yenyewe yanabadilika kila siku na ni wajibu wetu kuyafuata. Sisi tulifundishwa kuwafunika watoto kinenani kwa kipande cha madini ya risasi kinachozuia mionzi, na ukisahau unagombezwa. Mwaka 2019 wanafizikia wa tiba wa Marekani wakasema desturi hiyo iachwe, maana mashine za sasa zinatumia mionzi kidogo, na kipande kile kinaweza kuficha kinachotafutwa au kuifanya mashine ijiongezee nguvu. Mstaafu kama mimi nimelisikia hilo. Walioko kazini nao wapelekwe semina wakayasikie.

Halafu kuna hili la CD, mhariri, ambalo hamjawahi kuliandika. Unalipia picha, unapewa CD ndani ya bahasha. Unapewa rufaa, unafika hospitali ya pili, wanakuambia CD haifunguki, au kompyuta yao haina pa kuiingiza, au wao hawaamini picha ya kule. Piga upya! Mtoto wa jirani yangu mwenye uvimbe shingoni amepigwa CT-Scan ileile hospitali mbili tofauti ndani ya wiki moja, na hakuna hata mmoja aliyeinua simu kumuuliza mwenzake. Tunatuma picha za harusi kwa simu hadi Oman zikafika safi, lakini picha ya shingo ya mtoto haiwezi kuvuka barabara kutoka hospitali moja hadi nyingine. Mzazi analipa mara mbili, mtoto anaingia kwenye mionzi mara mbili, na kila hospitali inaandika kwenye ripoti yake kwamba imehudumia mgonjwa.

Napendekeza mambo ambayo Wizara ya Afya na Tume ya Nguvu za Atomiki, inayosimamia usalama wa mionzi nchini, wanaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili. Kila mlango wa chumba cha CT-Scan uwekewe mizani, na mtoto asivuke mlango huo mpaka uzito wake umeandikwa kwa kalamu kwenye fomu. Mizani ya kliniki inatosha, ile ya kuning'iniza kwa wachanga na ya kusimama kwa wakubwa. Kadi la kliniki la mtoto liongezwe ukurasa mmoja wa njano wenye mistari kumi: tarehe, kipimo, sehemu ya mwili, sababu, kiwango cha mionzi kilichoandikwa na mashine, na saini ya aliyepiga. Mashine inakiandika kiwango hicho yenyewe kila mara, kazi ni kukinakili. Wakaguzi wa Tume wanapokuja, wasiishie kupima unene wa ukuta na risasi ya mlangoni. Wafungue kompyuta, wachague watoto watano wa mwezi huo, waone walipigwa kwa mpangilio gani. Atakayekutwa amewapiga wote kwa mpangilio wa mtu mzima afunge chumba mpaka afundishwe.

Na ninyi, mkienda tena kuandika habari za mashine mpya, mwombeni mhusika awafungulie ule mpangilio wa watoto, kisha mwandike kama aliweza.

Mtaalamu mstaafu wa mionzi,
Morogoro