Barua ya wazi kwa mheshimiwa wa leseni: niambiwe tu nilitolewa kwa nini

Kwa Mheshimiwa unayesimamia leseni za baa na mikahawa jijini Nairobi,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na kwamba popote unapoketi kula huachwa ukamaliza chai yako.

Mimi huuza viatu vya mitumba Soko la Toi. Kila asubuhi mtoza ushuru hunipitia kabla sijauza hata kandambili, nami hulipa. Kibanda changu kiliwahi kuungua pamoja na vya wenzangu, nikaanza upya kwa mkopo wa chama. Nakutajia haya ili ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani, maana kuna waliojifanya wanajua.

Mwezi uliopita binti yangu alipata mshahara wake wa kwanza. Akanipigia: "Mama, leo usipike." Akanielekeza mkahawa mmoja kando ya Barabara ya Ngong, chini chakula, juu baa. Nilifika mapema kwa kuwa mvua ilitanda, nikakaa meza ya pembeni, nikaagiza chai ya maziwa. Shilingi 350 kikombe kimoja! (Kwangu hiyo ni chai ya wiki nzima, na sukari juu.) Nikalipa papo hapo kwa M-Pesa, sikunung'unika.

Ndio kwanza nimefika nusu ya kikombe, meneja akaja. "Mama, tunaomba utupishe." Nikamuuliza kwa nini. "Tunaomba tu." Nikamuuliza tena. Akatoa simu yake, akabofyabofya, na yangu ikalia mezani: nimepokea Sh350 kutoka kwa jina nisilolijua. Kumbe nimekunywa nusu kikombe cha bure, Mheshimiwa, na bawabu akanisindikiza hadi nje kama mgeni wa heshima.

Binti yangu alinikuta nimesimama chini ya turubai la muuza mahindi. Akaniangalia, akauliza, "Mama, umefanya nini?"

Swali hilo ndilo lisilonitoka. Hakuuliza wamenifanya nini. Na simlaumu. Mtu akitolewa mahali bila sababu, kila amwonaye humtafutia moja: kaiba, kalewa, katukana watu. Hata mimi nimejitafutia. Labda ni ule mfuko wa sandarusi niliouweka miguuni, ulikuwa na jozi mbili za mteja. Labda nilinuka gundi. Labda ni mwanamke peke yake penye baa, na sote tunajua tunavyohesabiwa. Au alikuja mkubwa fulani akaitaka meza. Sasa kama meza ilikuwa ya mtu, si wangesema meza ni ya mtu? Ningehamia hata kando ya choo.

Pale mlangoni pana kile kibao cha Kimombo kwamba wenye mahali ndio wachaguao nani aingie. Sawa. Mlevi na atolewe, mgomvi na atolewe, nitawafungulia mlango mimi mwenyewe. Lakini Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 hakikuifunga serikali peke yake, kimemkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, iwe kwa umri, kwa ndoa, kwa alikotoka, hata kwa mavazi. Nitajuaje kama nimebaguliwa, ikiwa sababu imebaki mfukoni mwa meneja? Hapo ndipo penye ujanja. Akitamka, amejishtaki. Akinyamaza, ni utaratibu wa biashara.

Utakumbuka mwaka 2015, ule mkahawa wa Kichina mtaa wa Kilimani uliokuwa hauruhusu Waafrika kuanzia saa kumi na moja jioni. Jiji liliwaka, mkahawa ukafungwa, mwenyewe akafikishwa kortini. Kwa kosa gani? Leseni. Si kutufukuza, leseni. Ndipo nikajua anayeogopwa na watu hawa si Katiba. Ni wewe.

Nawe ulituambia barazani, sisi wafanyabiashara, kwamba mlango wako u wazi. Nimeufikia mara mbili. Mara ya kwanza uko mkutanoni, mara ya pili karani akaniuliza kama nina miadi. Ningenyamaza, Mungu ananiona, ila juzi jirani yangu wa sokoni, muuza mikoba, katolewa hivyo hivyo mkahawa mwingine, yeye na mtoto mgongoni. Naye hajaambiwa neno.

Ombi langu: leseni zikihuishwa, liwekwe sharti kwamba anayemtoa mteja aliyelipa amwambie sababu, na aiandike, hata nyuma ya risiti. Kama sharti ni kazi kubwa, basi waandikie barua wenye mikahawa. Kama barua nayo ni kazi, piga simu moja tu. Jina la aliyenitumia pesa limo kwenye ujumbe wa M-Pesa, nitakuonyesha siku mlango utakapokuwa wazi. Muulize: yule mama wa chai, mlimtoa kwa nini?

Zile Sh350 sijazigusa. Akikujibu, nitamrudishia Sh175 za chai niliyokunywa.

Wako mlipa ushuru,
Mama wa viatu, Soko la Toi