Kioo cha mlango wa mbele kijaribiwe usiku

Simu iliingia saa mbili na nusu usiku, na aliyepiga hakuwa na muda wa salamu. "Fundi, hebu njoo usimame barazani kwangu uone mwenyewe ulichonifungia."

Wiki moja kabla tulikuwa tumemwekea mama huyu, nyumbani kwake Mbezi, Dar es Salaam, kioo cha mlango wa mbele kile cha bluu kinachorudisha sura. Mchana kilikuwa fahari ya mtaa. Muuza maji akipita anajitazama, kijana wa bodaboda akisubiri abiria anaweka kofia sawa. Usiku ule nilipofika nilikuta watoto watatu wa jirani wamechuchumaa barazani kimya, wanafuatilia tamthilia kwenye televisheni ya sebuleni kupitia mlango uliofungwa. Mama mwenyewe alikuwa amejibanza jikoni, maana kanga aliyojifunga haikuwa ya wageni.

"Si uliniambia hakionyeshi?"

Kweli nilimwambia. Ila nilimwambia saa tano asubuhi, karakanani, jua likiwaka. Tangu siku ile hatuuzi kioo cha mlango wa mbele kwa sampuli ya mchana peke yake.

Kioo cha namna ile hakimjui mwenye nyumba wala mpita njia. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mwanga tu: aliye kwenye mwanga mkali anaiona sura yake, aliye kwenye giza anaona ng'ambo. Mchana mwanga uko nje, kwa hiyo wa nje hakuoni. Ukishawasha taa magharibi, mambo yanapinduka, wewe ndiye unayejitazama na wao ndio wanaokutazama. Umeme ukikatika unafichika tena, mpaka utakapowasha tochi ya simu. Stika za kubandika zinazong'aa ni hivyo hivyo, hata aliyekuuzia akiapa.

Wazee wa Lamu mambo haya waliyamaliza bila kioo. Mlango ni wa mbao nzito yenye nakshi; ukivuka daka, kile kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inakata kona kabla hujafika ndani. Mgeni anapokewa, anakalishwa barazani, anakunywa kahawa yake, na macho yake hayaendi mbali. Nyumba tunazojenga sasa Goba, Tegeta na Kigamboni ile kona hazina. Mlango ukifunguliwa uko kwenye sofa. Kazi ya kona imeachiwa kioo, na kioo tunakichagua kwa rangi!

Kwa mlango wa mbele, mimi hupenda kioo cha ukungu, kile wengine wanakiita frosti. Kinapitisha mwanga mchana na usiku hakimpi mtu sura yako. Lakini kina tabia zake. Mtu akiwa mita moja na zaidi nyuma yake anaonekana kama wingu. Akikisogelea mpaka akakigusa, unaona kiganja, vidole, hata maua ya gauni. Kama ukumbi wako ni mwembamba na watu wanapita kwa kukipangusa kioo bega, ujue kivuli chako kitaonekana usiku. Halafu kuna ukungu wa aina mbili. Wa kupigwa mchanga uso wake unakwaruza kama msasa laini, unashika alama za vidole na mafuta, na ukilowa unaonyesha. Nimeona mlango umefungwa uso wa mchanga ukiwa nje. Mvua ya masika ikapiga, na ukungu wote ukayeyuka mpaka kioo kikakauka tena. Uso huo ukae ndani, ule laini ndio upokee mvua. Ukungu wa tindikali ni laini kama hariri na haushiki uchafu kirahisi, ila bei yake iko juu. Stika ya frosti ni suluhisho la haraka, sina ugomvi nayo. Ibandikwe ndani, na ukubali kwamba siku moja pembe zitaanza kujikunja.

Kioo cha maua, kile cha zamani cha madirisha ya bafuni, watu wamekidharau bure. Kinaficha vizuri, hakibadiliki kikilowa, na kikipasuka miaka kumi baadaye kuna uwezekano mkubwa wa kupata kinachofanana. Siku hizi wengi wanakuja na picha ya kioo cha mistari ya wima kwenye simu. Ni kizuri, na mistari inakatakata sura ya mtu vipande vipande. Ila mistari ikiwa mipana sana, aliyesimama karibu bado anaweza kusoma aliyepo ndani ni mwanamume au mwanamke, amekaa au amesimama.

Sasa tuache kuonekana, tuje kwenye kuvunjika, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa visu virefu. Dirishani juu huko pengine utasalimika, lakini mlango unabamizwa. Upepo wa kaskazi ukiingia dirisha la nyuma na mlango wa mbele uko wazi, ule mshindo unaujua. Mtoto naye anakimbia na mpira, anausukuma mlango kwa viganja viwili, mahali penye kioo. Kwa mlango hatufungi kioo cha kawaida, hata mteja akisema "weka tu fundi, nitaangalia mbele ya safari".

Chaguo ni mawili, na yote mawili unayafahamu kwenye basi. Kioo cha pembeni cha gari kikipigwa kinaporomoka chote kwa chengachenga kama chumvi ya mawe: hicho kwa kawaida ni tempa. Kimechomwa kwenye tanuri zaidi ya nyuzi 600, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, kikapata nguvu mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida. Kioo cha mbele kikipigwa na jiwe kinachora utando wa buibui, lakini dereva anaendelea na safari: hicho ni lamineti, vioo viwili vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Ukisikia fundi anasema "sita nukta thelathini na nane", anamaanisha vioo viwili vya milimita 3 na utando wa milimita 0.38.

Tempa haikati mtu sana, lakini ikishapasuka shimo limebaki wazi lote. Lamineti inapasuka na kubaki mahali pake. Anayetaka kuingia itabidi aendelee kugonga, na kugonga kunaamsha watu na mbwa. Kwa hiyo kioo kilicho ndani ya urefu wa mkono kutoka kwenye kitasa au komeo, kiwe lamineti. Vile vyembamba vya pembeni mwa mlango ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo mkono unavyopita kwenda kuzungusha ufunguo uliochomekwa kwa ndani. Kioo cha juu ya mlango, kile cha kuleta mwanga ukumbini, kiko mbali na mkono. Hapo unaweza kupumzisha mfuko kidogo.

Grili wengi bado wanaitaka, na siwabishii. Ila ufunguo wake ukae mahali panapojulikana na kila aliyelala nyumbani, gizani pia.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi. Mlango unaotazama magharibi unapigwa na jua la saa kumi moja kwa moja. Kioo cha rangi kinapunguza ukali, lakini kinafanya hivyo kwa kulinywa joto lenyewe. Kiguse saa hiyo uone. Kikiwa nusu juani na nusu kivulini, tena si tempa na ukingo umekatwa vibaya, kinaweza kupasuka chenyewe bila mtu kukigusa. Kibaraza chenye paa la mita moja na nusu kinafanya kazi kubwa kuliko tinti yoyote. Na wale wanaouziwa kioo cha tabaka mbili, yaani vioo viwili vyenye nafasi katikati, "kwa ajili ya ubaridi wa AC", jiulizeni kwanza uwazi ulio chini ya mlango umezibwa na nini. Njombe na Makete, ambako asubuhi pumzi inatoka kama moshi, hiyo ni habari nyingine.

Tabaka mbili nilikutana nazo vizuri kwenye mlango wa faiba, ile plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Mteja wetu mmoja anayeishi Marekani alituma kontena la vifaa vya nyumba yake Kigamboni, na ndani yake mlango wa mbele wa faiba, wa inchi 36 kwa 80, wenye kioo kirefu cha mapambo. Mlango ulifika mzima. Kioo kilifika kimepasuka.

Milango hii sasa inaonekana hapa na pale, na kwa pwani ina hoja: haivimbi masika kama mbao, na mchwa hana hamu nayo. Lakini ukiipiga kwa vidole utasikia ilivyo. Nje ni ganda la faiba la milimita chache tu, ndani ni povu gumu, na mbao ziko kwenye kingo, pale zinaposhika bawaba na kitasa. Kwa hiyo huwezi kumwambia fundi akate shimo la kioo popote unapopenda. Na grili haifungwi kwenye mlango wenyewe, maana skrubu itatafuta cha kushika ikute povu; ifungwe ukutani.

Kioo chake kinakaa ndani ya fremu ya plastiki yenye vipande viwili, cha nje na cha ndani, vinavyobanana kwa skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo upande wa ndani. Tulizitoa moja moja, fremu ikaachia. Kioo kilikuwa cha inchi 22 kwa 64, unene wa inchi moja: tempa nje, tempa ndani, na yale mapambo yamefungiwa katikati yasipate vumbi. Ni ufundi mzuri sana. Cha kufanana nacho hapa hatukukipata, na kukiagiza kulikotoka kulimaanisha mlango ukae na mbao za kuzibia kwa miezi.

Mteja alitaka tujaze tu kioo kimoja kinene kwa silikoni. Tukakataa, kwa kuwa fremu ile imetengenezwa kubana inchi moja, na ukiweka pungufu itacheza kila mlango unapofungwa. Tulitengeneza cha kwetu: lamineti ya 6.38 upande wa nje, nafasi ya milimita 12, kisha tempa ya ukungu ya milimita 6 ndani. Jumla ni milimita 24 na kitu, na utepe ukamaliza kilichobaki. Tatizo likahamia kwenye uzito. Kila mita moja ya mraba ya kioo ina kilo mbili na nusu kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo pale tulikuwa na takriban kilo 27. Tulibadilisha skrubu za bawaba tukaweka ndefu zinazofika kwenye mbao za ukutani. Mapambo alihuzunika kuyakosa, na ninamwelewa. Kama unaagiza mlango wa namna hii kutoka nje, ningekushauri uchague kioo kisicho na mapambo, cha vipimo vya kawaida, ili siku kikivunjika kazi iishie kwa mafundi wa hapa. Tangu kiwanda cha vioo bapa cha Mkuranga kilipozinduliwa mwaka 2023, kioo cha kawaida si bidhaa ya kusubiri meli. Mapambo ya Marekani bado ni ya kusubiri.

Jambo la silikoni usilipuuze. Ile inayonuka siki ikikauka haifai kugusa kingo za lamineti wala chuma. Baada ya muda kingo za kioo zinaanza kupauka na utando unaachia kama mkate uliolowa. Chunguza tyubu kabla fundi hajaibonyeza. Iwe isiyo na harufu hiyo. Na chini ya kioo kuwe na vipande vya raba vya kukikalisha, kisigusane na fremu.

Tempa haikatwi tena ikishachomwa, hata milimita moja. Kwa sababu hiyo hatupokei vipimo kwa WhatsApp, hata kama fundi wako wa mbao ni mtu makini. Tunapima tundu likiwa tayari, juu, katikati na chini, tunachukua kipimo kidogo kuliko vyote na kuacha nafasi ya milimita 3 kila upande. Kioo kikija, tafuta muhuri mdogo pembeni wenye jina la mtengenezaji. Kama kioo hakina muhuri na unaambiwa ni tempa, mwambie aliyekileta akuonyeshe kwa nini uamini.

Ukitupigia tuje kwako, mchana tutapima. Kwa kuchagua, tutaomba kurudi baada ya magharibi na vipande vyetu vinne vya sampuli. Washa taa ya sebuleni na televisheni kama kawaida, kisha toka nje usimame getini. Mmoja wetu atashika kipande mlangoni, na mtu wa nyumbani akae kwenye sofa anyanyue vidole. Ukiweza kuvihesabu, tunabadilisha kipande.